Redio ya Volkswagen Beetle ya 1965

Ndugu, umeuliza ufunge redio gani kwenye Beetle yako ya 1965 ili isionekane kama imebandikwa jana. Kabla hujatazama sura, tazama betri. Beetle za mwaka huo kwa kawaida zilitoka na volti 6, na wengi hufunga redio isiyofanya kazi humo kwa kudhani kila gari ni volti 12. Kama mmiliki wa zamani alishabadilisha umeme, hesabu yako nayo inabadilika. Pima, usikisie.

Angalia pia waya wa ardhi, yaani ule unaounganisha betri na bodi ya gari. Kwako ni hasi, lakini magari mengi ya Uingereza ya zama hizo yalikuwa na chanya kwenye bodi, hivyo redio iliyotolewa huko yaweza kuwa imepangwa kinyume.

Kwa jina, mimi ningechukua Blaupunkt, redio ya Kijerumani: ya vifundo viwili, kioo cha namba katikati na vitufe vya kusukuma. Kaseti achana nayo, kwa sababu Philips waliileta 1963 tu na ilichelewa kuingia magarini. (Najua inavutia. Vumilia.)

Hakikisha ina FM, maana nyingine za zamani ni AM peke yake. Ukipata nzuri isiyo na FM, fundi anaweza kuweka saketi mpya ndani akauacha uso wake ulivyo. Wapo watakaokuita msaliti, mimi simo. Ila usiiwashe kamwe bila spika. Transista za kutoa sauti zinaweza kuungua.