Keria ya pikapu: mambo ya kujua kabla hujawasha mashine

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kuchomelea, mteja wa keria, ile fremu ya chuma ya kubebea mzigo juu ya gari, utampata mapema. Bei ya dukani imemshinda, anataka ya kutengenezwa. Atakuuliza itabeba kilo ngapi. Wewe muulize gari linapita barabara gani, maana keria nyingi zinazorudi gereji zimekatika kwa mtikisiko na kujipinda, si kwa mzigo.

Kwenye pikapu, kebini anamokaa dereva na bodi ya nyuma ya mzigo ni vitu viwili. Kila kimoja kimefungwa kivyake juu ya chesisi, yaani fremu ya chini ya gari. Tairi moja likiingia shimoni, chesisi hujipinda, kebini ikaegemea huku na bodi kule. Simama kando ya pikapu inayovuka mtaro kwa mshazari, tazama ule mwanya wa katikati: utaona kingo zake zinapishana. Sasa ukitengeneza keria moja ndefu, miguu ya mbele ukaifunga kwenye paa na ya nyuma kwenye bodi, umeunganisha vitu ambavyo kiwandani viliachanishwa makusudi. Mishono ya kuchomelea itapasuka, na isipopasuka, bati la paa litachanika. Mteja wa mbao na ngazi mtengenezee mbili, moja ya paa na nyingine ya bodi, kimo sawa, zisigusane. Mzigo utalala juu ya zote, na kamba itauacha ucheze kidogo.

Land Cruiser za mfululizo wa 70 zina mfereji wa maji pembeni mwa paa, shika hapo. Hilux za karibuni hazina, na ndipo vijana wanapokimbilia kutoboa. Mimi ningemshauri mteja keria ya kusimama kwenye bodi kwa nguzo, ipite juu ya kebini bila kuligusa paa. Acha mwanya wa kutosha, kwa sababu ile ile ya kujipinda.

Usipende chuma kinene ovyo. Skwea paipu, yaani paipu ya mraba, ya milimita 25 kwa 25, unene 1.5, urefu wa mita 6, ina uzito wa kilo 6.6 hivi. Ya 40 kwa 40 yenye unene wa 2 inafika kilo 14. Keria ikila paipu nne, tofauti inakaribia kilo 30, yaani dumu moja na nusu la maji ambalo mteja hatalibeba tena. Kiwango cha uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba kimo kwenye kitabu cha gari, na uzito wa keria yenyewe unahesabiwa humo. Ukienda kununua, nenda na venia, kile kifaa cha kupimia unene; wakikuambia 1.5, pima mwenyewe.

Kuchomelea, anza kwa kushika pointi tu, yaani vidoa vidogo vya kushikilia, kisha pima kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana, fremu imekaa mraba. Halafu ruka ruka, upande huu na ule, la sivyo joto litaipinda. Paipu nyembamba hutoboka upesi, punguza umeme. Miguuni weka bamba dogo la pembetatu, kwa kuwa ufa huanzia hapo, pembeni mwa mshono. Paipu iliyopakwa zinki kwangua kwanza mahali pa kuchomea, na fanya kazi penye hewa. Moshi wake huleta homa.

Kazi yote ifanyike chini, si juu ya gari. Ikibidi kugusa gari lenyewe, ng'oa waya wa hasi wa betri, na kibanio cha ethi, kile cha waya wa mashine unaorudisha umeme, ukiweke karibu kabisa na unapochoma.

Ziba ncha za paipu, lakini toboa vitundu upande wa chini, maji yatoke. Gari la Tanga au Mombasa lipake rangi ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya rangi yenyewe. Raba ya tyubu chini ya miguu ni nzuri, ila hushika mchanga, ikaguliwe.

Funga kwa nati zenye plastiki ndani. Mwambie mteja arudi baada ya safari ya kwanza ya vumbi, uzikague na kuzikaza zilizolegea. Kwa hilo usimtoze.