Homa ikikushika mbona hata watu unawachukia? Jibu langu

Dada uliyeuliza mbona ukishikwa na homa chakula hukitaki, unalala mchana kutwa na watoto wakikuita unataka kulia, eti ni mdudu amepanda kichwani ama ni uvivu tu kama asemavyo mumeo. Si mdudu na si uvivu, na mumeo ngoja zamu yake.

2004 nilikuwa Lamu, mvua imekataa, maji tunayaweka kwa mapipa na jabia wiki nzima, mbu wakapata pa kuzaa na chikungunya ikatupitia nyumba kwa nyumba, watafiti walipokuja kupima damu wakakuta kama robo tatu ya mji tumeipata. Jina lenyewe Kimakonde, maana yake kujikunja, na tulijikunja wallahi. Viungo usiseme, lakini mimi kilichonishangaza ni moyo. Mamangu ananiletea wali wa nazi na samaki wa kupaka, "ndoo ule mwanangu", nageukia ukuta. Watu wakicheka barazani naona wananikera makusudi.

Nilikuja kuelewa baadaye niliposomea mambo ya dawa. Chembe nyeupe za damu zikikutana na kirusi zinamwaga vitu vinaitwa saitokini, hao ndio matarishi wa kuuambia ubongo mwili unaumwa, nao ubongo ndio unakulaza na kukukatia hamu. Ubongo una ukuta wake, damu haiingii na kila kitu, ila tarishi hakosi njia. Kuna visehemu vidogo ukuta unavuja, anapenya. Akishindwa anabisha tu mlangoni, kuta za mishipa ya damu ya ubongo zinatengeneza kemikali inaitwa prostaglandini, hiyo inafika haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayopanga joto la mwili, na joto linapanda. Panadol inazuia hapo, kwenye prostaglandini, saitokini zenyewe bado zinamwagwa, ndio maana unaweza kupoa na bado ukawa huna hamu ya chochote.

Njia ninayoipenda mimi ni neva ya vegasi, ule mshipa wa fahamu unaotoka kwa ubongo mpaka tumboni. Unadhani kazi yake kuteremsha amri, kumbe nyuzi zake nyingi, kama 80 kwa kila 100, zinapandisha habari! Panya waliokatwa huo mshipa, wakadungwa saitokini tumboni, hawakununa kama wenzao. Na ubongo nao hujibu, 2000 kundi la mtafiti Kevin Tracey kule Marekani waliusisimua mshipa huo huo kwa umeme na saitokini za panya zikapungua.

Kama mumeo bado anabisha mwambie habari ya wagonjwa wa homa ya ini C, zamani walitibiwa kwa sindano za intafaroni, nayo ni saitokini, na si wachache kati yao wakaingia huzuni nzito hata waliokuwa wachangamfu kabla ya hapo.

Sasa wewe usijilazimishe sahani nzima, kunywa maji, madafu, lala. Homa yako ina siku ngapi? Ikipita siku mbili tatu nenda kapimwe, na aspirini usiiguse mpaka wakwambie si dengi, ile homa nyingine ya mbu.