Barua kwa mwanangu: mtihani wa kengele

Majengo, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma baada ya isha. Waniuliza: kama umeshinda wodini na wagonjwa wa kweli, madaktari wakubwa wakikuona, kwa nini ufaulu au uanguke kwa oski, huo mtihani wa vitendo wa udaktari, dakika chache kila kituo, kengele ikilia wakimbilia kingine, na mgonjwa mwenyewe ni mtu aliyefunzwa kujifanya anaumwa kifua? Ukamalizia kwamba ni mchezo wa kuigiza tu.

Mimi ni muuguzi, si daktari, lakini nilipokuwa nikifunza wauguzi kiti cha mtahini nimekikalia sana.

Zamani mwanafunzi alipewa mgonjwa mmoja wa kumchunguza kwa kirefu na wengine wachache wa haraka, kisha akahojiwa. Wewe uangukie bibi wa Kisauni asiyechoka kusimulia, mwenzako apate mzee asiyetaka kusema na mtahini aliyeamka vibaya. Hapo mnapimwa bahati. Mwaka 1975 daktari Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, na wenzake wakachapisha njia ya vituo: wote wapitie kazi zile zile, muda ule ule, karatasi ya alama ile ile. Wagonjwa wa kuigiza walikuwa wametangulia. Daktari Howard Barrows alianza nao Marekani mapema miaka ya 1960. Na vituo vikawa vingi kwa sababu hodari wa kusikiliza moyo aweza kuwa hoi akiambiwa ampe mama habari kwamba mimba imeharibika.

Kwa hivyo kwa upande wa haki, sikuungi mkono. Wala usinitajie Wamarekani kwamba mwaka 2021 waliufuta mtihani wao wa taifa wa namna hii. Vyuo vyao havijaacha oski.

Lakini kwenye hilo la maigizo una hoja, na walimu wanaijua. Karatasi ya kutia tiki humpendelea anayeuliza kila kitu kwa mpangilio, kuliko mzoefu anayeuliza maswali manne akaufikia ugonjwa. Ndiyo maana vyuo vingi huongeza alama ya jumla: mtahini aseme, kwa jicho lake, huyu anaweza au hawezi. Waliokariri hunaswa hapo. Anaingia mtu: "Hujambo mama pole sana naitwa fulani naomba nikupime," pumzi moja, macho kwenye saa. Mgonjwa anasema, "Marehemu mume wangu alianza hivi hivi." Naye: "Sawa. Je, unavuta sigara?" Kila tiki ameipata, na mimi ningemwogopa akinijia kitandani.

Tumbo nalo. Sugua viganja vipate joto, uliza panapouma, uanze mbali na hapo, usogee taratibu huku ukimtazama uso, si mkono wako. Akikunja uso umeshapata jibu kabla hajasema. Wengi hushukia pale pale panapouma. Mgonjwa anakaza misuli, na baada ya hapo huwezi kuhisi kitu. Na mfunike sehemu usiyoipima. Hata mwigizaji ana stara yake.

Mikono nawa. Ni alama ya bure, nami nimeona ikimwagwa ovyo.

Kituo kikikuharibikia, kiache huko huko. Mtahini wa mbele hajui uliyoyafanya nyuma. Kwake wewe ni mgeni. Nimeshuhudia wanafunzi wazuri wakiangusha vituo vitatu kwa kuombolezea kimoja.

Ila usiupe mtihani huu kazi isiyo yake. George Miller, mtaalamu wa kufunza madaktari, aliandika mwaka 1990 kuhusu ngazi nne: kujua, kujua namna ya kufanya, kuonyesha, na kutenda kazini. Oski inafika ya tatu. Ya nne ni saa tisa za usiku, wodi imejaa, na hakuna mwenye karatasi anayekutazama. Hiyo ndiyo hao madaktari wakubwa wako wanayoiona wodini, kwa hivyo vipimo hivyo viwili kimoja hakitoshi mahali pa kingine.

Ukija likizo babako amekubali kuwa mgonjwa wako. Presha anayo ya kweli, na ukimuuliza historia yake usimkatize hata akianzia enzi za utoto wake Likoni. Hiyo pia ni sehemu ya mazoezi. Njoo na stetoskopu yako, yangu imekwisha kazi. Na tarehe ya mtihani niandikie mapema.

Mamako