Kuwaambia Watu Wawe Waangalifu Hakutoshi, Iondoe Hatari Yenyewe

Wiki hii nimepokea ujumbe wa msomaji aliyepewa jukumu la kusimamia usalama ofisini kwao. Anasema wenzake wanamcheka. "Hapa tunachapa barua, hatuchimbi madini," wanamwambia. Dada yangu, maneno hayo nayajua. Niliyasikia kwa miaka, mpaka mwenzangu akavunjika mkono.

Ofisi niliyokuwa nikifanya kazi zamani iliamua kuhamishia mashine ya fotokopi karibu na mlango. Ukutani pale hapakuwa na soketi, kwa hiyo waya ulivutwa kutoka upande wa pili, ukakatiza njia tunayopita wote, ukabandikwa seloteipu juu. Seloteipu gani inakaa kwenye sakafu inayopigwa deki kila asubuhi? Haikuchukua muda ikaanza kubanduka, waya ukajikunja na kuinuka unene wa kidole, kiasi kile kile cha kunasa ncha ya kiatu. Nilimwambia mkuu wa idara. Akanijibu kwamba watu watazame wanapokanyaga. Nikamwandikia barua pepe. Hakujibu.

Siku ya tukio mhasibu wetu alikuwa amekumbatia mafaili hadi kidevuni. Mtu aliyebeba mzigo namna hiyo haoni miguu yake, hata awe mwangalifu vipi. Alijikwaa, akaangukia mkono, kifundo kikavunjika. Lakini kilichoniuma zaidi ni kikao kilichofuata. Swali la kwanza aliloulizwa, mkono ukiwa na plasta, ni kwa nini hakutazama chini! Nikaitoa ile barua pepe, tarehe yake ikiwa juu, nikaisoma mbele ya wote. Hakuna aliyenishukuru. Niliitwa mchochezi, na kwa muda mrefu vikao vilifanyika bila mimi kuarifiwa. Hata hivyo mchana huo huo mashine ilisogezwa hadi kwenye ukuta wenye soketi. Watu wawili waliisukuma, kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Mpaka leo nikikumbuka jinsi ilivyokuwa rahisi, moyo unauma.

Leo nasimamia ofisi mwenyewe, na nasema kwa fahari kwamba hakuna waya unaokatiza njia ya watu. Nilichojifunza ndicho wataalamu wa usalama wanachofundisha kwa mpangilio: kwanza iondoe hatari kabisa, ikishindikana, badilisha kifaa au njia kwa yenye hatari ndogo, ikishindikana, itenge na watu. Baada ya hapo ndipo yanakuja mafunzo, maelekezo na mabango, na vifaa vya kujikinga vinakuja mwisho. Ofisi nyingi zinaanzia kwenye bango. Sakafu imelowa kwa sababu kiyoyozi kinavuja, watu wanaweka kibao cha "inateleza" mwezi mzima, na fundi hajaitwa.

Njoo kwenye umeme, maana hapa ndipo nisipotaka mzaha. Birika la umeme peke yake mara nyingi linakula wati 2,000 hivi. Ekstensheni ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 inabeba jumla ya takriban wati 3,000, hata kama ina matundu sita. Chomeka birika na hita kwa pamoja, umeshaizidishia. Ukiunganisha ekstensheni kwenye ekstensheni, mzigo wote unapita kwenye ile ya kwanza, na ndiyo itakayoungua. Usiache waya mrefu umeviringwa ukiwa unabeba mzigo mkubwa, kwani joto linakosa pa kutokea. Ukigusa plagi ukaikuta ya moto, ukaona alama ya kahawia kwenye soketi au ukasikia harufu ya plastiki, zima ukutani na umwite fundi umeme siku hiyo hiyo.

Moto wa umeme usiumwagie maji. Mtungi unaofaa ni wa kabonidayoksaidi, na ujue kwamba gesi yake inaisha kwa sekunde, kwa hiyo ni wa moto mdogo tu, wewe ukiwa na mlango nyuma yako. Mitungi ya maji au ya unga kwa kawaida ina kipimo chenye mshale, nao unapaswa kukaa kwenye kijani. Wa kabonidayoksaidi kwa kawaida hauna mshale. Fundi huupima kwa uzito.

Kabati la mafaili nalo linaua. Ukifungua droo mbili za juu zilizojaa kwa wakati mmoja, lote linakuinamia. Mafaili mazito yakae chini, na kabati lifungwe ukutani. Kuhusu kupanda juu ya kiti chenye magurudumu, nimechoka kuwasikia wakubwa wakilaumu wafanyakazi wakati ngazi imefungiwa stoo na mwenye ufunguo yuko likizo. Weka ngazi ndogo pale pale penye rafu.

Wewe unayetaka siku moja kuongoza idara, anza sasa kuandika. Fungua daftari la matukio, na usingoje damu. Aliyeponea chupuchupu naye aandikwe, maana waya uliomkwaza leo bila kumwangusha ni ule ule utakaomwangusha mwingine. Andika tarehe, mahali, kilichotokea, aliyeambiwa na siku ya kurekebisha. Piga picha. Nakala baki nayo. Bosi akikuambia ofisi haina hatari, mkumbushe kwamba Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya katika kanuni na haki za msingi kazini. Ni haki ya karani kama ilivyo ya mchimba madini, na kiongozi anayeidharau hastahili kukabidhiwa watu.

Kesho ukifika, kabla hujawasha kompyuta, nenda kwenye mlango wa dharura. Angalia kama unafunguka kutoka ndani bila ufunguo na kama njia iko wazi hadi nje. Ukikuta maboksi ya karatasi yameuziba, yatoe hapo hapo, kisha muulize aliyeyaweka anahitaji nafasi gani, umtafutie.