Chanzo cha saa kwenye intafesi ya sauti
Sheikh wangu, hiyo milio ya "tik, tik" unayoisikia katika rikodi ya ganuni na udi, tangu ulipounga priampu (kifaa cha kukuza sauti ya maikrofoni) yenye njia nane kwenye intafesi (kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta) kwa waya wa ADAT (waya wa optiki unaopitisha njia nane za sauti ya kidijitali), haitokani na maikrofoni wala na mpiga ganuni kugusa meza. Inatokana na vifaa viwili ambavyo kila kimoja kinafuata saa yake, yaani mapigo yanayopanga ni lini kila sampuli (kipimo kimoja cha sauti) ichukuliwe. Fungua programu ya intafesi, nenda kwenye chanzo cha saa, ondoa saa ya ndani uchague ADAT, kisha priampu uiache kwenye saa yake ya ndani, na vyote viwili uvipange kwenye kasi moja, tuseme sampuli 48,000 kwa sekunde. Waya wa optiki hupeleka mwanga upande mmoja tu, kwa hiyo priampu ndiyo inayotoa saa na intafesi ndiyo inayoifuata, isipokuwa ukiunga waya wa pili wa kurudi. Subiri taa ya saa iache kumetameta ndipo urikodi. Ukipanda hadi sampuli 96,000, njia nane za waya huo zitabaki nne. Siku utakayoichomoa priampu, rudisha saa ya ndani, la sivyo huenda intafesi isitoe sauti kabisa.