Ryzen 5 5600 na RTX 4070 zinaendana?

Ndugu uliyeuliza kama prosesa ya Ryzen 5 5600 itaikaba (itaizuia kufanya kazi kwa nguvu zake zote) kadi ya michoro ya RTX 4070, jibu liko kwenye skrini yako. Kwa skrini ya pikseli 1920×1080, ndiyo, mara nyingi kadi itakuwa inaisubiri prosesa, hasa kwenye michezo ya ushindani inayodai fremu (picha) nyingi kwa sekunde. Kwa 2560×1440 tatizo linapungua sana: kadi inachora pikseli karibu mara 1.8, ilhali kazi ya prosesa kwa kila fremu inabaki karibu ileile.

Vile vikokotoo vya mtandaoni vinavyokupa asilimia ya prosesa kuikaba kadi achana navyo, havijui unacheza nini. Pima mwenyewe. Ondoa kikomo cha fremu, kisha tazama matumizi ya kadi ukiwa ndani ya mchezo. Yakiwa 95% kwenda juu, kadi inafanya kazi yake yote, na ndivyo tunavyotaka. Yakielea kwenye 60%, prosesa imeishiwa pumzi.

Hapo usikimbilie kubadilisha ubao mama. Ukisasisha BIOS (programu ya msingi ya ubao mama), ubao mwingi wa AM4, yaani soketi ya prosesa yako, unapokea prosesa ya Ryzen 7 5800X3D, na kashe yake (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya MB 96 inasaidia mno michezoni. Pawasaplai nayo isipungue wati 650.