Nikikumbuka Mungu Alikonitoa, Naumia Zaidi

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mume wangu alipunguzwa kazini. Ada ya mtoto tunadaiwa, rejesho la VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, limenishinda mara mbili. Kanisani wananiambia, "Kumbuka Mungu alikokutoa." Nikikumbuka nalia tu: mbona zamani alinisikia, sasa kanyamaza? Usiku silali. Mama wa watatu, Dodoma.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Hao hawakukosea, ila hawakukuonyesha namna ya kukumbuka.

Fungua Zaburi ya 77. Asafu, mtunzi wake, naye usingizi ulimpaa, na aya ya 3 anakiri kwamba akimkumbuka Mungu anafadhaika. Basi usijione huna imani. Mwanzoni anazungumza habari zake mwenyewe tu, akipima siku za kale na hali yake ya sasa, na kupima huko ndiko kunakochoma. Maswali yake makali hayamezi. Yamo aya ya 7 hadi ya 9. Aya ya 11 anaamua kuyakumbuka matendo ya Bwana, na kuanzia hapo ni Mungu anayesemeshwa: njia yako, mkono wako, hatua zako. Wala hatuambiwi kwamba shida yake iliisha.

Sasa chukua daftari la shule. Anza na matukio matatu, kila moja ukurasa wake. Andika mwaka, ulikwama wapi, msaada ulipitia kwa nani, na ulisubiri muda gani. Hilo la mwisho wengi huliruka, nalo ndilo lenye dawa, maana tukishavuka tunasahau tulivyosubiri, halafu tunadhani zamani Mungu alikuwa akijibu upesi. "Mungu alinipa mtoto" haitoshi. Andika: "Miaka minne ya kungoja, maneno ya mawifi, nauli ya kliniki alitoa jirani." Ushuhuda wa mwenzako usiuingize, huo utakutia wivu bure.

Soma ukurasa mmoja asubuhi, kwa sauti. Saa nane za usiku usiliguse, kwani saa hizo kila kitu hugeuka mashtaka. Jioni moja wasomee watoto na baba yao. Yale mawe 12 ambayo Waisraeli waliyatoa mto Yordani walipouvuka yalisimamishwa Gilgali ili watoto waulize (Yoshua 4). Mwanamume aliyepoteza kazi huenda ana njaa ya maneno hayo kuliko wewe.

Kosa kubwa ni kulifanya daftari kuwa mkataba: alifanya vile, lazima afanye vilevile. Waisraeli hawakuvushwa kwa namna moja: Bahari ya Shamu iligawanywa kwa upepo uliovuma usiku kucha, wakati Yordani ilisimama makuhani walipokwisha kutia miguu majini. Kwa hiyo usikodolee macho mlango uleule wa kazi ya zamani.

Na madeni yana hatua zake. Mwone mwenyekiti wa kikundi kabla ya siku ya kikao, nenda na chochote ulicho nacho, omba marejesho yapangwe upya na yaandikwe. Shuleni omba kulipa kwa awamu. Usikope kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ili ulipe VICOBA, hata ukibembelezwa. Usingizi ukiendelea kukukimbia kwa wiki mbili, nenda kituo cha afya; na likikujia wazo la kutaka kufa, mwambie mumeo na mwende siku hiyohiyo.